Mtoto Hakui: Je, Ni Chakula Kinachomkataa?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelishwa dagaa jioni, kulipokucha anahara. Juma lililofuata mambo yakawa yale yale. Mama, akizitazama mbavu za mwanawe zinavyohesabika, aamua kwamba dagaa hawapatani naye, na tangu siku hiyo mtoto hupewa uji wa muhogo peke yake. Huko Nchelenge, wilaya ya Mkoa wa Luapula ufukoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, uamuzi wa namna hiyo waweza kumdhuru mtoto kuliko maradhi yenyewe.

Chakula kikuu cha ufuko ule ni ugali wa muhogo. Muhogo hushibisha, lakini gramu 100 za unga wake zina protini isiyozidi gramu 2 hivi, hali unga wa mahindi una kama gramu 8. Pengo hilo huzibwa na ziwa. Wale dagaa wadogo waitwao chisense, wakikaushwa vema juani, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ukimwondolea mtoto kitoweo hicho, nawe huna mayai, karanga wala maharage ya kukifidia, umemwachia wanga mtupu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, swali la kwanza ni hili: je, ni kweli mtoto hakui? Jicho hudanganya, hasa la mtu anayemwona mtoto kila siku. Katika mwaka wake wa pili mtoto huongezeka kama kilo 2 na nusu na kurefuka kama sentimeta 12, yaani gramu 200 hivi kwa mwezi. Mwezi mmoja bila kuongezeka si hukumu. Miwili mfululizo yataka uchunguzi. Hayo yote huonekana katika kadi ya kliniki. Sisi jamaa za askari tunaohamishwa mara kwa mara tuna ila yetu: hukumbuka kufunga masufuria tukaisahau kadi, na kule tuendako muuguzi huanza upya kana kwamba mtoto kazaliwa jana.

Kadi ikithibitisha kwamba mtoto amesimama, yatazamwe kwanza yale yaliyo mengi. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria kali zaidi, nayo haina likizo. Homa huondoa hamu ya kula na kupunguza damu; mtoto aliyeugua mara tatu katika msimu hawezi kukua kama mwenzake. Kuna tena minyoo, na kuhara kutokana na maji yasiyochemshwa. Kisha angalia tarehe. Tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari sheria husimamisha uvuvi ili samaki wazaane. Ndiyo miezi ya mvua pia. Kitoweo huadimika wakati uleule ambao mbu huongezeka. Mtoto aliyedhoofika Januari huenda hana ugomvi na chakula chochote.

Hata dagaa wenyewe wachunguzwe kabla ya kulaumu tumbo la mtoto. Waliolowa mvua kabla ya kukauka, wakaanza kuoza, humharisha yeyote.

Si kwamba miili haikatai vyakula. Mtoto aliyetoka kuhara sana aweza kushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa, kwa kuwa utando wa utumbo umeumia. Kwa kawaida hupona baada ya majuma machache. Lakini asiachishwe ziwa la mama, ingawa maziwa ya mama yana sukari hiyo nyingi kuliko ya ng'ombe. Wapo pia wachache ambao, dakika chache au saa mbili baada ya kula samaki, yai au karanga, huvimba midomo, hutoka vipele, hutapika au hupumua kwa shida. Huyo apelekwe hospitali mara moja, wala asijaribiwe tena nyumbani.

Kwa wengine, njia ya kuamua ni ile ya mizani. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alipoeleza mwaka 1950 kwamba ngano huwadhoofisha baadhi ya watoto, alikuwa ameiondoa na kuirudisha huku akiwapima uzito. Nasi tufanye vivyo hivyo, tukiongozwa na mganga: kiondolewe chakula kimoja tu, kwa majuma mawili hadi manne, na mahali pake pawekwe kingine chenye protini, kisha kirudishwe. Dalili zikiondoka na kurudi pamoja na chakula hicho, hapo pana hoja. Zisipobadilika, mtoto arudishiwe chakula chake.

Lakini kama miguu yote miwili imevimba, au mkono wa juu una mzingo chini ya sentimeta 11 na nusu, hakuna nafasi ya majaribio: kliniki siku hiyohiyo. Na baba aliye lindo mbali asingojewe kutoa ruhusa.

Aliyeruhusiwa kula dagaa baada ya kuhara asipewe wazima. Chagua waliokauka vizuri, ondoa mchanga, watwange na kuwachekecha, kisha utie unga wao katika uji pamoja na karanga zilizopondwa. Apewe kidogo kidogo, mlo mmoja zaidi kwa siku kwa majuma mawili, kisha apelekwe tena kwenye mizani.