Radi Haijui Jina Lako



Huku kwetu Katanga mvua inanyesha tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, na radi inakuja nayo. Ikiua mutu ku karyeri ao mu shamba, hata mbele ya maziko watu wanaanza kuuliza: nani ameituma? Wanamutaja mama muzee fulani, ao mujane. Musomaji, umekwisha kusikia maneno hayo. Basi tujifunze kwanza namna umeme unavyotembea.

Chembe za umeme wa namna moja zinasukumana. Ndani ya shaba, chuma ao aluminiyumu zinatembea bila shida. Kwa hiyo kila moja inakimbia mwenzake, mpaka zote zinafika inje, juu ya ngozi ya chuma. Fikiri vijana waliogombana mu lupango moja: kila mumoja anaenda kusimama ku ukuta, katikati panabaki tupu. Na pale chuma kina ncha, chembe zinasongana zaidi, nguvu yao inakuwa kali. Mu miaka ya 1750 Benjamin Franklin wa Marekani alishauri watu wasimamishe fimbo ya chuma juu ya nyumba, yenye waya unaoshuka mpaka mu udongo, ili radi ipitie pale, isipitie mu nyumba.

Michael Faraday, mutoto wa mufua-chuma, alikuwa mukristo aliyependa kanisa lake. Mwaka 1836, kule London, alijenga chumba cha karibu metre 3 na nusu kila upande, akakifunika kwa waya na karatasi ya chuma. Akaingia ndani na vyombo vya kupima. Inje waliweka umeme mwingi, cheche zikaruka ku kuta. Ndani, vyombo havikuonyesha kitu.

Basi wewe ufanye nini?

Ukisikia ngurumo, ingia mu motokari yenye mwili wa chuma, funga vioo, usiguse chuma. Pikipiki haikufunike, wala kukaa juu ya mizigo ya kamyo. Nyumba ni bora kuliko inje. Lakini malata peke yake si sanduku kamili: usiegemee ukuta, usishike bomba wala waya. Ku karyeri, weka mutalimbo chini, toka pahali pa juu. Usijifiche chini ya muti wa maembe: ni murefu, unapokea radi, na radi inaweza kuruka toka muti mpaka ku mwili wako.

Na hili lishike sana: mutu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Umekwisha kupita. Usiogope kumugusa! Kama hapumui, sukuma kifua chake kwa nguvu na haraka, bila kuacha, mwingine akiita musaada. Wengi wangeweza kupona, lakini watu walisimama mbali wakiogopa uchawi.

Vijana, fungueni Ayubu sura ya 38. Mungu anamuuliza Ayubu kama yeye anaweza kutuma radi nayo imutii. Ayubu hakuwa na jibu. Kama Ayubu hakuweza, mama muzee wa jirani ataweza namna gani? Anayemushitaki anashuhudia uongo, na amri ya Mungu inakataza. Siku ya kilio, peleka unga ku nyumba ya wafiwa, halafu pita kusalimia mama muzee yule pia.