Sauti Inayopotea Kwenye Saa ya Mkononi

Simu inaita. Mwenye saa janja hana haja ya kuitafuta simu yake mfukoni. Hugusa kioo kidogo kilichopo kifundoni mwa mkono, akaanza kuzungumza. Sauti ya aliyepiga inasikika waziwazi kutoka kwenye saa. Lakini aliyepiga anauliza, "Haloo? Haloo, mbona husemi?" Mwenye saa anapaza sauti, anaisogeza saa karibu na mdomo, anaigongagonga kwa kidole, mwishowe anakata na kupiga upya kwa simu yenyewe. Jioni huchukua pini akachokoa tundu dogo lililoko ubavuni mwa saa, akiamini kwamba limezibwa na uchafu. Kuanzia hapo saa haisikii kabisa.

Saa hizi sasa huuzwa Kariakoo kama zinavyouzwa Nairobi, na zimo mikononi mwa wanafunzi na walimu wengi. Inasikitisha basi kwamba maikrofoni huuawa kwa pini pasipo mtu yeyote kuthibitisha kwanza kuwa yenyewe ndiyo mbovu. Kati ya kinywa cha msemaji na sikio la msikilizaji kuna njia ndefu, na sauti yaweza kupotelea mahali popote katika njia hiyo. Hapana budi mahali penyewe patafutwe kabla ya kifaa kuguswa.

Kilichomo nyuma ya tundu lile si kitu cha kuchokolewa. Maikrofoni ya saa janja ni kijisanduku chenye urefu wa milimita 3 au 4 hivi na kimo cha milimita 1. Ndani yake mna kiwambo cha silikoni chenye unene wa takriban mikrometa 1, ilhali karatasi ya daftari ina unene wa kama mikrometa 100. Sambamba na kiwambo hicho, kwa umbali wa mikrometa chache tu, kuna bamba gumu lililotobolewa vijitundu vingi. Viwili hivyo kwa pamoja ni kapasita, kama ile inayofundishwa darasani: bamba mbili, chaji, na nafasi kati yake. Mawimbi ya sauti yanapokisukuma kiwambo, nafasi hiyo hupungua na kuongezeka, volti nayo hubadilika, na sakiti ndogo iliyo pembeni huyageuza mabadiliko hayo kuwa tarakimu. Mwendo wa kiwambo kwa sauti ya mazungumzo hupimwa kwa nanometa. Ncha ya pini, kwa kulinganisha, ni gogo.

Wasomaji wenye umri mkubwa wanazikumbuka simu za mezani ambazo, sauti ikififia, mtu aligonga mkono wa simu ukutani na mambo yakatengenea. Hawakuwa wakifanya uchawi. Simu hizo zilitumia maikrofoni ya kaboni, iliyotokana na kazi za Thomas Edison na wenzake katika miaka ya 1870. Chembe za kaboni zilizomo ndani yake hushikamana baada ya muda, na pigo huzitawanya upya. Baadaye, mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West wa Maabara ya Bell, Marekani, walitoa maikrofoni iliyotumia utando wa plastiki wenye chaji ya kudumu, na aina hiyo ikaenea katika vinasa sauti na simu za dunia nzima. Ya silikoni ndiyo iliyofuata. Katika maikrofoni hizi mbili za mwisho hamna chembe za kutawanya, kwa hiyo mazoea ya kugonga ni urithi usio na kazi tena.

Ili kuipata hitilafu, ni vyema kuikata njia ya sauti katikati na kuuliza ubovu uko upande upi. Swali la kwanza ni rahisi mno hata watu hulipuuza: je, sauti ya aliyepiga inatokea kwenye saa, au inatokea kwenye simu iliyomo mfukoni? Zipo saa nyingi za bei ndogo ambazo huonyesha jina la anayepiga na kutetemeka, lakini hazina maikrofoni wala spika. Zipo nyingine zenye vyote viwili, ila hutumia viungo viwili tofauti vya Bluetooth: kimoja cha kupeleka hesabu ya hatua na taarifa, na kingine cha kupeleka mazungumzo. Mara kwa mara kiungo hiki cha pili huonekana kwenye orodha ya simu kwa jina lake chenyewe, nacho hutakiwa kuunganishwa kivyake. Mtu aliyeunganisha cha kwanza tu ataona saa yake ikifanya kila kitu isipokuwa kuzungumza. Hapo hakuna kilichoharibika.

Ikiwa sauti ya mwenzake inatokea kwenye saa, jambo moja kubwa limekwisha kujulikana. Kiungo cha mazungumzo hubeba sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, tofauti na kile cha muziki ambacho huipeleka upande mmoja tu. Maadamu sauti inakuja, kiungo kipo. Shaka sasa inabaki juu ya maikrofoni yenyewe, au kitufe cha kunyamazisha kilichoguswa bila kukusudia, au programu zinazoichuja sauti kabla haijaondoka. Aidha, kama kasoro inatokea katika programu moja tu ya kupigia simu kwa intaneti, mazungumzo yale yale yajaribiwe kwa simu peke yake, saa ikiwa imetenganishwa. Yakishindikana huko pia, saa haina kosa. Yamkini programu hiyo imenyimwa ruhusa ya kutumia maikrofoni. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, ruhusa hiyo huombwa programu inapotumika, na kidole chenye haraka huweza kuikataa. Toleo la 12, la mwaka 2021, liliongeza swichi moja inayozinyima programu zote maikrofoni kwa mguso mmoja.

Swali linalofuata ndilo lenye uzito. Saa irekodi sauti bila simu yoyote kupigwa. Saa nyingi zina sehemu ya kurekodi ujumbe, na zisizo nayo huwa na msaidizi anayepokea maagizo kwa sauti. Rekodi ikiwa hafifu au kimya, ubovu uko kwenye tundu au nyuma yake. Rekodi ikiwa safi, maikrofoni ni nzima, na pini irudishwe kwenye kikasha chake.

Ikiwa rekodi ni hafifu, adui wa kwanza kushukiwa ni maji. Tundu la maikrofoni aghalabu hulindwa kwa utando wenye vinyweleo vidogo sana, uliotengenezwa kwa plastiki iliyovutwa kwa namna ambayo Robert Gore wa Marekani aliigundua mwaka 1969. Utando huo hupitisha hewa na sauti lakini huzuia maji. Hata hivyo maji hubaki mbele yake, ndani ya tundu, na fizikia ya kidato huonyesha kwa nini hayatoki. Mvutano wa uso wa maji safi, katika nyuzi 25 za Selsiasi, ni kama nyutoni 0.072 kwa mita. Zidisha kwa mbili, gawanya kwa nusu kipenyo cha tundu, na jawabu ni kanieneo ambayo uso wa maji uliojipinda waweza kuihimili. Kwa tundu lenye kipenyo cha milimita 1 hupatikana paskali 288, ambazo ni sawa na safu ya maji yenye kimo cha milimita 29. Tone lililomo ndani ya tundu halina kimo cha zaidi ya milimita 2 au 3. Uzito wake haulitoi, hata saa ikiinamishwa kutwa nzima. Mwalimu anaweza kuionyesha hali hii kwa mrija mwembamba wa kalamu uliokwisha wino na kuoshwa: uchovye majini, uinue, na maji kidogo yatakataa kudondoka.

Sauti nayo haina nguvu ya kulisukuma tone hilo. Mazungumzo ya kawaida, yakipimwa kwa umbali wa mita 1, yana kanieneo ya paskali 0.02 tu. Tena maji ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa ya ujazo uleule, na kitu kizito hakifuati upesi mitetemo ya haraka. Sauti nyembamba hupotea kwanza, zile nene zikabaki. Ndiyo maana anayesikiliza hulalamika kwamba mwenzake anaongea kama aliyefunikwa blanketi. Kuitikisa saa kwa nguvu, tundu likiwa limeelekea chini, hufaa kuliko kungoja, kwa kuwa mtikiso huongeza kani inayolivuta tone. Kisha ilazwe juu ya kitambaa kikavu kwa saa kadhaa. Baadhi ya saa, kama Apple Watch tangu ile ya mwaka 2016, hupiga mlio maalumu wa kuyatoa maji, lakini mlio huo hutikisa maji yaliyo kwenye spika. Tundu la maikrofoni laweza kubaki na lake. Kuifukia saa ndani ya mchele, dawa inayopendwa majumbani, huongeza vumbi la wanga mahali palipokuwa na maji matupu.

Kwa wakazi wa pwani kuna jambo la ziada. Lita moja ya maji ya bahari hubeba kama gramu 35 za chumvi. Tone likikauka ndani ya tundu, maji huondoka na chumvi hubaki ikiwa fuwele juu ya utando. Chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo saa ile ile huweza kusikia vizuri mchana wa jua na kuwa kiziwi asubuhi yenye unyevu. Jasho hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Tiba yake inashangaza wengi: ni maji. Saa iliyotengenezwa kuhimili maji isuuzwe taratibu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila sabuni, kisha ikaushwe. Lakini alama iliyo nyuma ya saa isomwe kwanza. IP67 maana yake ni kwamba kifaa cha namna hiyo kilistahimili maji kwa kina cha hadi mita 1 na dakika 30, kikiwa kipya. Mipira inayoziba maungio huchakaa. Mvuke, tena, hupenya utando ambao maji hayawezi kuupenya, na hapo ndipo wanaooga maji ya moto na saa mkononi wanapokosea.

Sasa ichukuliwe kwamba rekodi ni safi kabisa, lakini simu ikipigwa sauti hupotea. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo penye mambo ya kupendeza zaidi. Ndani ya saa, spika iko umbali wa kama sentimita 3 kutoka kwenye maikrofoni. Kinywa cha msemaji kiko sentimita 30. Kanieneo ya sauti hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo, vyanzo viwili vikiwa na nguvu sawa, spika huisukuma maikrofoni mara 10 zaidi ya kinywa. Pasipo kuzuiwa, aliyepiga angejisikia mwenyewe akirudi kama mwangwi. Programu ya saa hutakiwa kukisia mwangwi huo na kuutoa. Programu nzuri hufanikiwa. Iliyo duni hufanya ukatili mdogo: kila spika inapolia, huifunga maikrofoni.

Matokeo yake ni ya ajabu. Aliyepiga akiwa ndani ya daladala au sokoni, kelele za huko huiweka spika ya saa katika kulia muda wote, na maikrofoni ya huku haifunguliwi. Mwenye saa hulaumu saa yake, ilhali chanzo kiko upande wa pili wa simu. Jaribio lake halihitaji chombo chochote: sauti ya spika ipunguzwe hadi nusu, watu wawili wapokezane maneno badala ya kusema kwa pamoja, halafu simu hiyo hiyo ipigwe kutoka chumba kilicho kimya. Hali ikitengenea, mkosaji amepatikana. Programu nyingine huchuja kelele za mfululizo kama za feni, na huweza kumchuja msemaji pamoja nazo. Feni izimwe kwa dakika moja. Mkono mrefu wa kanzu au koti uliofunika tundu nao ukunjwe.

Kasoro moja isichanganywe na ubovu. Mfumo wa zamani wa mazungumzo ya Bluetooth huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, hivyo hauwezi kubeba mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti "s" iko juu ya kiwango hicho, na "suka" husikika kama "fuka". Mfumo mpana zaidi huchukua sampuli 16,000, lakini saa na simu zote mbili sharti ziwe nao.

Saa iliyokauka, iliyosuuzwa, iliyowashwa upya na kupewa programu mpya, na bado rekodi yake ni kimya, hiyo ndiyo saa ya kupelekwa kwa fundi. Fundi naye aulizwe swali moja kabla ya kuifungua: atakapokipasha moto kioo na kukibandua, gundi inayozuia maji ataibadilisha kwa ipi? Akiwa hana, saa huweza kurudi ikisikia vizuri, lakini isitiwe tena majini, hata kwa kunawa mikono.