Fokasi ya Kamera na Mwanariadha Akimbiaye

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi mpya ya dunia. Mwanafunzi akigawanya umbali huo kwa sekunde 212.16 atapata kasi ya wastani ya takribani mita 7 kwa sekunde. Tarakimu hiyo tuihifadhi, kwani katika makala hii itatusaidia kuelewa taabu za mtu mwingine kabisa, yaani mpiga picha asimamaye pembeni mwa uwanja huku mkimbiaji akimjia.

Wapiga picha wa siku ile waliizungusha lenzi kwa mkono. Kamera ya kwanza yenye fokasi ya kujiendesha kutengenezwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977, na mwaka 1985 Minolta 7000 ikaueneza ufundi huo katika kamera za kubadilisha lenzi. Leo karibu kila kamera hujitafutia fokasi. Lakini kamera haijui wewe umekusudia kazi gani. Hapana budi uiambie.

Nami jambo hilo nilijifunza kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mashindano ya riadha ya shule moja ya sekondari, nikakabidhiwa kamera nzuri yenye lenzi ndefu, kwa hoja kwamba mtu aliyesomea nuru ughaibuni hadi kupata udaktari hawezi kushindwa na kamera. Msichana wa kidato cha nne aliwaacha wenzake mbali katika mita 1500. Nilibonyeza kitufe nusu, fokasi ikatulia, nikangoja avuke mstari ameinua mikono. Picha zilipotazamwa, nyasi za nyuma yake zilihesabika jani kwa jani, na uso wake ulikuwa ukungu mtupu. Hapakuwa na mwingine aliyepiga picha ya ushindi ule, na binti alikuwa akimaliza shule mwaka uleule.

Kamera haikuwa mbovu. Tuchukue lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 300, tundu lake likiwa limefunguliwa hadi 2.8, na mkimbiaji akiwa umbali wa mita 20. Katika kamera ambayo kihisio chake kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani, eneo litakaloonekana safi lina kina cha sentimita 75 hivi: karibu nusu yake mbele ya mkimbiaji na nusu nyuma yake. Katika kamera nyingi zenye kioo ndani, tangu kitufe kibonyezwe hadi kioo kiinuke na pazia lifunguke hupita takribani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo mtu aendaye mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 35. Basi hata kama fokasi ilikuwa sahihi kabisa kidole kiliposhuka, pazia linapofunguka mkimbiaji amekwisha kufika ukingoni mwa eneo safi. Akiwa mita 10 tu, eneo zima halifiki sentimita 20, naye amekwisha kulitoka. Mimi nilingoja muda mrefu zaidi ya huo.

Kuna tatizo la pili, nalo laweza kufanyiwa hesabu darasani kwa kanuni ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v. Mkimbiaji akisogea kutoka mita 20 hadi 19, taswira yake nyuma ya lenzi husogea milimita 0.24. Akisogea kutoka mita 10 hadi 9, husogea milimita 1.07. Mita ni ileile moja, lakini taswira imesogea zaidi ya mara nne. Kwa hiyo mkimbiaji asiyeongeza kasi hata kidogo huilazimisha mota ya lenzi kuongeza kasi kila anapokaribia. Kumfuata nyuma hakutoshi. Yafaa kukisia atakapokuwa.

Hii ndiyo sababu ya kuwapo kwa mipango miwili mikuu. Wa kwanza, ambao kamera nyingi huuandika AF-S, hutafuta fokasi mara moja na kuifunga. Huo ndio niliouacha siku ile. Wa pili, AF-C, ambao Canon huuita Servo, hupima tena na tena wakati kitufe kimebonyezwa nusu, na kutokana na vipimo vilivyopita hukadiria mahali pa mkimbiaji pazia litakapofunguka. Kwa michezo, huu wa pili ndio wa kuchagua.

Lakini kamera hujuaje upande wa kusogeza lenzi? Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya nguzo ya mbali, kisha funga jicho la kushoto na la kulia kwa zamu. Kidole huonekana kuruka, na ukikivuta karibu huruka zaidi. Kamera nayo hulinganisha nuru iliyopita upande mmoja wa lenzi na iliyopita upande wa pili. Pengo kati ya taswira hizo mbili huonyesha fokasi imekosea kiasi gani na kuelekea wapi. Kamera zinazopima ukali wa picha peke yake hufanya kama mtu atafutaye stesheni ya redio: hupita, hurudi, hupita tena. Mkimbiaji hangoji.

Baada ya hapo lipo suala la eneo. Ukiiachia kamera uwanja wote, yaweza kuvutwa na bango au watazamaji, ingawa kamera mpya zilizofunzwa kutambua kichwa na jicho la mtu hukosea mara chache zaidi. Kwa mkimbiaji mmoja napendelea kikundi kidogo cha nukta, kikae kifuani pake. Katika mpira wa miguu, beki akipita ghafla mbele ya mshambuliaji, kamera yenye haraka humrukia beki. Iambie isubiri kidogo kabla ya kumwacha mtu wake. Na tukiwa na jua kali la mchana, tundu likipunguzwa hadi 5.6 kina cha eneo safi huwa mara mbili, kwa gharama ya robo tatu ya nuru. Ni gharama nafuu.

Si kila mwendo unaoisumbua fokasi. Mtu akikatiza mbele yako, umbali wake haubadiliki sana. Hapo ukungu hutokana na pazia kukaa wazi mno. Kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde mkimbiaji wetu husogea milimita 7, nayo yatosha, isipokuwa kwa miguu, ambayo ikirushwa mbele huenda kasi kuliko kiwiliwili. Nusu kipenyo cha kona ya uwanja wa kawaida wa mita 400 ni mita 36.50, hivyo mpiga picha asimamaye katikati ya mduara huo hangehitaji kubadili fokasi kona nzima. Ila pengine ndipo mikuki hutua.

Njia ya wazee wa 1974 bado inafaa pale mahali panapojulikana mapema: mstari wa mwisho, ubao wa kurukia, upau wa kuruka juu. Weka fokasi juu ya mstari, zima mota, ngoja, na ubonyeze mkimbiaji akiwa bado hatua moja nyuma ya mstari.

Binti yule nilimpelekea picha aliyopigwa akipokea zawadi. Alikuwa amesimama, na kwa kazi hiyo AF-S ilitosha.