Kompyuta Pepe Katika Ofisi za Kata: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kuingia Mkataba

Huduma nyingi ambazo mwananchi huzifuata katika ofisi ya kata siku hizi hupitia kwenye kompyuta: usajili wa vizazi, kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, leseni ya biashara na taarifa za miradi. Kompyuta hiyo inapoharibika, mwananchi hurudi nyumbani mikono mitupu, na wakati mwingine kumbukumbu zilizokuwamo hupotea pamoja nayo. Hali imekuwa ngumu zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo, inayotumiwa na kampuni na ofisi za umma katika nchi nyingi, ni kompyuta pepe. Kwa utaratibu huu, kazi haifanyiki ndani ya kompyuta iliyo mezani. Programu na majalada yote hukaa katika seva kubwa iliyo mbali, na mezani hubaki skrini, kibodi na kifaa kidogo kinachopokea picha ya kazi kupitia mtandao. Kifaa hicho kikiibwa au kuungua kwa radi, hakuna jalada la mwananchi linalopotea. Mtumishi hukaa mbele ya kifaa kingine, huingiza nywila yake na kuendelea pale alipoishia. Mtaalamu wa TEHAMA naye huweka programu mara moja kwenye seva, badala ya kuzunguka kata kwa kata.

Faida hizo, hata hivyo, zina sharti moja kubwa: mawasiliano kati ya kifaa na seva yakikatika, ofisi nzima husimama. Kwa sababu hiyo, programu za aina hii hazichaguliwi kwa kutazama maonyesho ya muuzaji pekee. Yapo mambo manne yanayopaswa kupimwa.

Mtandao na mahali ilipo seva

Kwa mtumishi mwenye kazi nyepesi, mwongozo wa Microsoft unapendekeza kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde. Ofisi yenye watumishi 6 wanaofanya kazi kwa wakati mmoja itahitaji megabiti 9. Aidha, ishara isitumie zaidi ya milisekunde 150 kwenda kwenye seva na kurudi. Ikizidi hapo, herufi huchelewa kutokea kwenye skrini na foleni hurefuka.

Umbali una hatari yake pia. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Ofisi inayotegemea seva iliyo ng'ambo hukwama siku kama hiyo. Seva iliyo ndani ya nchi, ikifikiwa kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, huipa ofisi nafasi ya kuendelea na kazi.

Majaribio katika mazingira halisi

Programu inayofanya kazi vizuri makao makuu inaweza kushindwa katika kata ya pembezoni. Majaribio yanapaswa kufanyika kwa wiki kadhaa katika ofisi yenye mtandao dhaifu zaidi, na si kwa siku moja. Printa, skana na mashine za kusoma alama za vidole zijaribiwe zote, kwa kuwa vifaa hivyo ndivyo ambavyo mara nyingi hukataa kuelewana na seva ya mbali. Asubuhi, watumishi wote wanapoingia kwa pamoja, ni wakati mwingine wa kupimwa, maana seva nyingi hulemewa saa hiyo.

Gharama kwa miaka yote ya mkataba

Halmashauri inaweza kununua seva zake au kukodi huduma kwa mtoa huduma. Kununua huhitaji fedha nyingi mwanzoni, pamoja na wataalamu, umeme wa akiba na chumba chenye ubaridi. Kukodi huanza kwa fedha kidogo, lakini malipo hayakomi. Hesabu ya leseni nayo hutofautiana. Ikiwa watumishi ni 60 na wanaofanya kazi kwa wakati mmoja ni 35, leseni inayohesabu kila mtumishi itagharimu tofauti na ile inayohesabu walioingia tu.

Bei na mwenye bidhaa pia hubadilika. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Mwaka 2024 kitengo cha kompyuta pepe cha VMware kikauzwa na kuwa kampuni nyingine, Omnissa.

Usalama wa taarifa za wananchi

Mtoa huduma huhudumia wateja wengi katika mitambo ileile. Ni lazima athibitishe kwamba mteja mmoja hawezi kuona majalada ya mwingine, aeleze nani ana ruhusa ya kuyafungua, na aonyeshe nakala rudufu zinakohifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka wajibu wa kulinda taarifa hizo na masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mkataba pia useme wazi kwamba ukifika mwisho, taarifa zote zitarejeshwa katika muundo unaofunguka kwenye programu nyingine. Bila kifungu hicho, Halmashauri inaweza kulazimika kukubali bei yoyote ili isipoteze kumbukumbu za wakazi wake.

Nafasi ya mwananchi

Mkutano mkuu wa kijiji na kikao cha Baraza la Madiwani ni mahali halali pa kuhoji matumizi ya fedha za umma, zikiwemo za TEHAMA. Mwananchi hahitaji utaalamu wa kompyuta ili kuuliza maswali matatu: Mtandao ukikatika, ofisi ya kata itanihudumiaje? Taarifa zangu zitakaa wapi, na nani atazisoma? Mkataba ukiisha, zitarudi kwa nani? Programu ambayo muuzaji wake hana majibu ya maswali hayo kwa maandishi haijawa tayari kwa ofisi ya kata, hata kama bei yake ni nafuu.