Je, Wajua? Vipepeo wawili, kifungo cha miezi sita

Mwaka 2017, mahakama mjini Bristol, Uingereza, ilimhukumu mwanamume kifungo cha miezi 6 kwa kukamata na kuua vipepeo 2 wa aina ya Phengaris arion. Kifungo kilisimamishwa kwa miaka 2, akaponea chupuchupu.

Kipepeo huyo wa buluu alikwisha kutoweka Uingereza mwaka 1979. Waliopo leo ni uzao wa walioletwa kutoka Uswidi kuanzia 1983.

Maisha yake ni maajabu matupu! Kiwavi hula maua ya zaatari ya porini, kisha hujidondosha chini. Sisimizi wekundu humdhania mtoto wao, wakambeba hadi kiotani. Humo hukaa miezi kama 10, akiwala watoto wa wenyeji wake.

Na kilichommaliza hasa? Nyasi ndefu. Katika miaka ya 1950 ugonjwa uliwaua sungura waliokuwa wakizila. Zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi hao wakaisha. Awali, eneo moja liliwekewa uzio kuwazuia wakusanyaji wa vipepeo. Uzio ukazuia mifugo pia, nyasi zikarefuka, na vipepeo wakatoweka humo. Sasa mifugo huingizwa makusudi kwenye makazi ya vipepeo hao.