Msitu wa Wote, Kura ya Wachache

Nchini Polandi, msitu wenye miti iliyopita umri wa miaka 40 hulipiwa kila mwaka kodi inayopimwa kwa mbao: kwa kila hekta, thamani ya mita za ujazo 0.22. Fedha hizo haziendi Warszawa. Huingia katika mfuko wa gmina, serikali ya mtaa iliyo karibu zaidi na wananchi. Hekta hiyohiyo ikiingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, kiwango cha kodi hushuka kwa nusu. Anayetaka kuielewa wilaya ya Hajnówka, na mabishano ya msitu wake yasiyokwisha, aanzie kwenye hiyo nusu.

Wilaya hiyo iko mashariki kabisa mwa nchi, katika mkoa wa Podlasie, ikipakana na Belarusi. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,600 na wakazi wasiofika 45,000, karibu nusu yao wakiishi mjini Hajnówka. Zaidi ya theluthi moja ya eneo lake ni sehemu ya Polandi ya msitu wa Białowieża, mabaki ya misitu ya kale ya tambarare za Ulaya. Katika msitu huo nyati wa Ulaya, żubr kwa Kipolandi, alitoweka mwaka 1919, na hapohapo ndipo alipoachiwa tena huru mwaka 1952 baada ya kuzalishwa zizini kutokana na wachache waliosalia katika bustani za wanyama. Kijiji cha Białowieża kimezungukwa na msitu pande zote. Hajnówka yenyewe ni mtoto wa msitu: Wajerumani walioikalia nchi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walijenga viwanda vya mbao na reli nyembamba ya kubebea magogo, na mji ukakua kuvifuata. Upande wa kaskazini-magharibi, katika gmina ya Narew, msitu unapisha mashamba na vijiji vya nyumba za mbao. Huko Trześcianka, Puchły na Soce madirisha yana vibao vya kufungia vilivyochongwa na kupakwa rangi. Kanisa la Kiorthodoksi la Trześcianka ni la kijani, la Puchły ni la buluu. Wenyeji wengi ni Waorthodoksi katika nchi ya Wakatoliki, na lugha ya nyumbani, iliyo karibu na Kibelarusi na Kiukreni, wao huiita tu po swojomu, yaani kwa namna yetu. Kati ya gmina tisa za wilaya, nne zimekitambua Kibelarusi kuwa lugha ya pili ya ofisini, kwa sheria ya mwaka 2005 inayoruhusu hivyo pale jamii ya wachache inapofikia asilimia 20.

Msomaji aliyezoea mkuu wa wilaya wa kuteuliwa itabidi amsahau kidogo. Huko mkuu wa wilaya, starosta, huchaguliwa na madiwani, na wilaya haina amri juu ya gmina hata moja. Gmina zilirudishiwa mamlaka mwaka 1990, mara baada ya ukomunisti kuanguka. Wilaya, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1975, zilirudi tarehe 1 Januari 1999, siku ambayo mikoa 49 ilipunguzwa ikawa 16. Kazi ziligawanywa kwa kipimo cha umbali. Shule ya msingi, maji na njia za vijijini ni za gmina, ambayo mkuu wake, wójt, hupigiwa kura na wananchi wenyewe tangu 2002. Sekondari, hospitali, barabara za wilaya, vibali vya ujenzi, leseni za udereva na namba za magari ni za wilaya. Chini kabisa yupo sołtys, mwenyekiti wa kijiji, anayechaguliwa na mkutano wa wanakijiji.

Katika mgawanyo huo msitu hauonekani. Miti ya Białowieża ni mali ya taifa. Sehemu kubwa husimamiwa na shirika la misitu la serikali, Lasy Państwowe, kupitia ofisi tatu za Białowieża, Browsk na Hajnówka. Hifadhi ya taifa iko chini ya waziri, na mpaka chini ya walinzi wa mpaka. Watu wa wilaya wanaishi ndani ya kitu kisicho chao. Wana silaha moja tu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwanzoni mwa karne hii, hifadhi ya taifa haianzishwi wala kupanuliwa mpaka mabaraza ya gmina, wilaya na mkoa husika yakubali. Hifadhi ya Białowieża ilipanuliwa mara ya mwisho mwaka 1996, karibu maradufu, ikafikia takriban kilomita za mraba 105. Hiyo ni sehemu ya sita tu ya msitu ulio upande wa Polandi, na tangu hapo haijaongezwa. Hakuna hifadhi mpya ya taifa iliyozaliwa popote nchini baada ya ile ya Ujście Warty ya mwaka 2001.

Wanaopinga utaratibu huu wana hoja nzito. Msitu ulioandikwa na UNESCO tangu 1979 ni urithi wa wanadamu wote, nao wanauliza inakuwaje baraza la madiwani 15, katika gmina yenye watu wapatao elfu mbili, lishike ufunguo wake. Hoja hiyo ingeniridhisha kama serikali kuu ingekuwa mlinzi mwema zaidi. Kumbukumbu zinasema vingine. Mwaka 2016 waziri wa mazingira ndiye aliyeidhinisha ukataji wa magogo uongezwe katika eneo la ofisi ya Białowieża, kwa sababu iliyotajwa ya kupambana na wadudu wanaotoboa magome. Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba Polandi ilivunja sheria. Mwaka 2022 ukuta wa chuma wenye kimo cha mita tano na nusu ulipitishwa kando ya mpaka, ukiugawa msitu, chini ya sheria maalumu iliyoweka kando taratibu za kawaida za mazingira. Ukataji na ukuta, vyote viliamuliwa Warszawa.

Wengine watasema wenyeji wanakataa kwa ukaidi, au wamelewa harufu ya mbao. Lakini tazama kile diwani anachowekewa mezani. Akikataa, hapotezi kitu. Akikubali, kodi ya kila hekta inayohamia hifadhini inakatwa nusu, kuni na uyoga vinaanza kuwa na masharti, na anayenufaika yuko mbali. Watalii huleta fedha, ni kweli, hasa kijijini Białowieża penye lango la hifadhi. Gmina za Czyże na Dubicze Cerkiewne haziyaoni mabasi yao. Nadhani kosa ni kumpa mtu haki ya kusema hapana huku ukimtoza faini anaposema ndiyo. Kumnyang'anya haki hiyo kungemfanya mkazi wa Narewka, gmina nyingine ya wilaya hiyo, mgeni katika msitu ambao babu zake waliutumia, bila kuongeza mlinzi hata mmoja.

Dawa iko kwenye hesabu. Sheria mpya ya mapato ya serikali za mitaa, iliyopitishwa Oktoba 2024 na kuanza kutumika 2025, imeanza kuhesabu maeneo yaliyohifadhiwa inapokadiria mahitaji ya gmina. Mgao huo ukionekana kwenye bajeti mwaka hadi mwaka, ukazidi ile nusu ya kodi iliyopotea, diwani wa Narewka atakuwa na tarakimu ya kuwaonyesha wapiga kura wake siku ombi la kupanua hifadhi litakaporudi barazani.