Nafasi ya Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi katika Siasa za Tanzania, 1964–2022

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya siasa za Afrika, Tanzania hutajwa mara kwa mara miongoni mwa nchi ambazo jeshi halijawahi kutwaa madaraka ya dola. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini aghalabu huzaa hitimisho lisilo sahihi, kwamba mkuu wa jeshi hana ushawishi wowote wa kisiasa. Makala hii inajadili hitimisho hilo na kulipinga. Inaeleza kwamba ushawishi wa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi haukuondolewa baada ya mwaka 1964, bali uliwekewa njia ya kupita: kwanza ndani ya chama tawala, na tangu mwaka 1992 ndani ya mamlaka ya uteuzi ya Rais. Ili kuelewa utii wa jeshi kwa raia, ni lazima kuichunguza njia hiyo, si kuhesabu mapinduzi ambayo hayakutokea.

Ni vema kutofautisha vyeo viwili ambavyo huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, kwa mujibu wa Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 1977. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ni ofisa wa kijeshi anayeteuliwa na Rais kuliongoza Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na msaidizi wake wa karibu katika uendeshaji wa jeshi ni Mnadhimu Mkuu. Makala hii inahusu cheo hicho cha pili. Kati ya mwaka 1964 na 2022 kimeshikwa na watu tisa: Mrisho Sarakikya, Abdallah Twalipo, David Musuguri, Ernest Kiaro, Robert Mboma, George Waitara, Davis Mwamunyange, Venance Mabeyo na Jacob Mkunda.

2.0 Maasi ya mwaka 1964 na kuzaliwa kwa cheo

Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliwaasi maofisa wao Waingereza. Madai yao yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara, na nafasi za uongozi kushikwa na Waafrika. Miaka miwili baada ya Uhuru, jeshi bado lilikuwa chini ya kamanda Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Maasi yalienea hadi Tabora, na siku chache baadaye askari wa Uganda na Kenya nao waliasi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliokolewa na makomando wa Uingereza waliotua Dar es Salaam tarehe 25 Januari.

Tukio hilo lilikuwa fedheha kwa taifa changa, lakini mafunzo yake ndiyo yaliyounda cheo tunachokijadili. Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ likaanzishwa. Sarakikya, aliyekuwa na umri wa takribani miaka 30 na amehitimu chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa mkuu wake wa kwanza. Jeshi la kikoloni lilikuwa limefundishwa kwamba siasa si kazi ya askari, na hata hivyo liliasi. Uongozi wa nchi ukahitimisha kwamba askari asiyehusishwa na siasa ya nchi yake hana sababu ya kuilinda. Kwa hiyo dawa iliyochaguliwa ilikuwa kumwingiza askari katika chama, si kumweka mbali nacho.

3.0 Mkuu wa jeshi ndani ya chama, 1964–1992

Uandikishaji katika jeshi jipya ulitegemea sana vijana wa TANU na wale waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Makamisaa wa siasa walipelekwa vikosini, matawi ya chama yakafunguliwa makambini, na hatimaye jeshi likahesabiwa kuwa mkoa katika muundo wa chama. Katika mazingira hayo, Mkuu wa Majeshi hakuwa mtaalamu wa vita tu. Alikuwa pia mwanachama, aliyewajibika kwa chama kile kile alichowajibika kwacho Rais mwenyewe.

Athari ya mpangilio huu hujitokeza vizuri zaidi ukilinganishwa na yale yaliyotokea Uganda. Mwaka 1966 Milton Obote alimtegemea Idi Amin katika mgogoro wake na Kabaka, na jeshi likavamia kasri la Mengo. Kutokana na hatua hiyo, kamanda alipata deni la kisiasa la kumdai kiongozi wake, na hapakuwa na chombo kingine cha kumdhibiti. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa katika mkutano wa Jumuiya ya Madola Singapore, Amin aliipindua serikali. Jibu la Tanzania halikuchelewa. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulisisitiza uongozi wa chama juu ya jeshi na kutaka wananchi wapewe mafunzo ya mgambo, ili silaha zisiwe mali ya kundi moja.

Sarakikya alipoondoka mwaka 1974, hakwenda kijijini wala uhamishoni, bali aliingia katika Baraza la Mawaziri, na baadaye akatumikia nchi katika ubalozi. Utaratibu huo ulimwonyesha kila ofisa kwamba kuna mlango halali wa kupanda kisiasa. Mfano maarufu zaidi wa mlango huo ni wa Jakaya Kikwete, ofisa aliyewahi kufundisha siasa katika chuo cha kijeshi cha Monduli, ambaye alikuwa Rais kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Abdulrahman Kinana naye alitoka katika cheo cha kanali hadi kuwa Waziri wa Ulinzi na, baadaye, Katibu Mkuu wa CCM.

Hata hivyo, haitakuwa sahihi kusema kwamba chama kilimaliza tatizo. Vita vya Kagera vya 1978–1979 vililipanua jeshi na kuwapa makamanda heshima kubwa kwa umma. Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980. Uchumi ulipodorora baada ya vita, njama ya kuipindua serikali iliyowahusisha baadhi ya askari iligunduliwa, na watuhumiwa walikamatwa mwaka 1983. Utii wa ngazi ya juu haukuwa dhamana ya utii wa ngazi za chini.

4.0 Baada ya mwaka 1992: sheria na mamlaka ya uteuzi

Kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 kulikata kamba iliyolifunga jeshi kwa chama. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa inamwachia haki ya kupiga kura. Maofisa waliokuwa na nyadhifa katika chama walilazimika kuchagua. Kikwete aliacha jeshi akiwa na cheo cha Luteni Kanali.

Swali la msingi ni hili: baada ya kamba hiyo kukatwa, ni nini kinachomdhibiti Mkuu wa Majeshi? Ibara ya 148 inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuwateua viongozi wa majeshi. Uteuzi huo hauhitaji idhini ya Bunge, na Katiba haikuweka muda maalumu wa kukitumikia cheo. Mwamunyange alikitumikia kwa takribani miaka 10, Mabeyo kwa takribani mitano. Vilevile, baada ya kustaafu, wakuu kadhaa wameteuliwa kuongoza bodi za mashirika ya umma: Mboma katika TANESCO, Waitara katika TANAPA, Mwamunyange katika DAWASA na Mabeyo katika Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Teuzi hizo ni halali, na uzoefu wa walioteuliwa hautiliwi shaka hapa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkono unaompa mkuu cheo ndio unaoweza kumpa nafasi baada ya cheo.

Matokeo yake yanaonekana katika maeneo matatu. Kwanza ni uchaguzi. Kuelekea uchaguzi mkuu wa mwaka 2010, Mnadhimu Mkuu wa wakati huo, Luteni Jenerali Abdulrahman Shimbo, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari kuonya dhidi ya vurugu na kuwataka watakaoshindwa wakubali matokeo. Wapinzani waliitafsiri kauli hiyo kuwa vitisho; watetezi wake waliiona kuwa wito wa amani. Pili ni uchumi. Mwaka 2018 jeshi lilikamilisha ujenzi wa ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanaiti Mererani, na Novemba mwaka huohuo likaagizwa na Rais Magufuli kukusanya na kusafirisha korosho za wakulima baada ya mvutano wa bei na wanunuzi. Hapo jeshi halikutafuta siasa. Siasa ndiyo iliyolifuata jeshi.

Tatu, na zito kuliko yote, ni urithi wa madaraka. Rais Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021, na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19 Machi kwa mujibu wa Ibara ya 37. Mwaka 2024, akiwa amestaafu, Jenerali Mabeyo alieleza hadharani nafasi yake katika saa za mwisho za Rais na katika mashauriano yaliyotangulia kiapo hicho. Katiba haimpi Mkuu wa Majeshi jukumu lolote katika kumwapisha Rais. Hata hivyo, kwa saa hizo chache, msimamo wake ulikuwa na uzito ambao hakuna ibara inayoueleza.

5.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Mkuu wa Majeshi nchini Tanzania amekuwa mhusika wa kisiasa tangu mwaka 1964, ingawa hakuwahi kuwa mtawala. Kati ya mwaka 1964 na 1992 chama kilimdhibiti kwa kumshirikisha. Baada ya hapo, udhibiti umebaki katika uhusiano kati ya mteuzi na mteuliwa, pamoja na maadili ya kikazi ya maofisa wenyewe. Maadili hayo ni hazina ya kweli, na yalidhihirika mwaka 2021. Lakini hazina iliyo katika nafsi ya mtu huondoka naye anapostaafu.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba mjadala wa Katiba uzingatie mambo mawili: muda maalumu wa kukitumikia cheo, na ushiriki wa Bunge katika kuthibitisha uteuzi. Lengo si kumdhoofisha Mkuu wa Majeshi. Ni kuhakikisha kwamba, siku Rais na mkuu wake wa jeshi watakapotofautiana, au siku kiti cha Rais kitakapokuwa wazi tena, utii wa jeshi utaelekezwa kwenye Katiba bila kutegemea hisani ya mtu mmoja.